Sosi ya Matroni

Matroni aliishi miaka thelathini na minne ndani ya ndoa bila kusifiwa hata siku moja kwa kitu kilichotoka jikoni. Msidhani watu wa nyumba ile walikuwa wachoyo wa sifa. Sifa zilikuwepo, tena za kumwaga, ila zote zilikwenda kwa mumewe. Mume huyo alikuwa mchanganya unga katika kiwanda cha mikate, mtu wa kuamka kabla ya jogoo, na mtaa mzima ulimwita Mzee Mkate. Kupika kwake kulikuwa kama kupumua. Mkewe alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume, mama aliyeweza kuwanyamazisha wagonjwa arobaini pamoja na madaktari wao kwa kukohoa mara moja, lakini ukimpa sufuria, chakula kiliungua chini huku juu bado kibichi. Watoto wao watatu walikua, wakaoa na kuolewa, wakaenda zao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutamani chakula cha mama. Walimpenda sana mama yao, ila walimpendea mambo mengine.

Sasa wote wawili walikuwa wamestaafu, lakini presha ya Mzee Mkate ilikataa kustaafu. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi walikwenda zahanati, kwenye kikundi cha watu wa presha na sukari, wakajipanga kwenye mabenchi kumsikiliza mtaalamu mwembamba waliyemwita Bwana Lishe. Jumamosi moja Bwana Lishe aliinua chupa ya sosi ya dukani na kuanza kusoma yale maandishi madogo ya nyuma, yale ambayo mtu mwenye miwani huyaruka na asiye na miwani hayaoni. Chumvi. Sukari. Mafuta. Chumvi tena, kwa jina la kitaalamu.

"Mnakula majani kwa ajili ya afya," alisema, "halafu mnayamwagia ugonjwa juu yake."

Mabenchi yaliguna. Ndipo akawaonyesha namna ya kutengeneza sosi ya saladi nyumbani. Mafuta kidogo, maji ya limau, siki kidogo, haradali ya kusaga mwenyewe, kitunguu saumu, pilipili manga. Unatia vyote ndani ya chupa, unafunga, unatikisa. Chumvi hakuna. Sukari ndiyo kabisa.

Matroni aliandika kila neno. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amekutana na upishi usio na moto. Hapakuwa na sufuria, wala cha kuungua. Vilikuwepo vipimo tu, na vipimo alikuwa amevifanyia kazi maisha yake yote.

"Hii naiweza," alimwambia mumewe wakiwa njiani kurudi. Alitembea haraka kama mtu anayewahi zamu.

Aliitengeneza siku ile ile. Mafuta aliyapima kwa bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe, mililita tisini kamili, akiliinua kwenye mwanga wa dirisha na kuligonga kwa ukucha ili mapovu yatoke. Limau mililita sitini. Siki thelathini. Kitunguu saumu Bwana Lishe alikuwa amesema punje moja, lakini Matroni alitia punje nne, mbichi, kwa hoja kwamba presha ya mumewe ilikuwa sugu, na ugonjwa sugu huongezewa dozi. Akaimimina ndani ya chupa iliyokuwa ya jemu, akaibandikia karatasi yenye maandishi yake mazuri ya wodini: TIKISA KABLA YA KUTUMIA.

Mchana Mzee Mkate alikula. Ukali ulimpanda puani, ukapita nyuma ya macho, ukamtoa chozi la jicho la kushoto. Matroni alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma, anasubiri.

"Ikoje?"

Sasa mwanamume ungemtaka aseme nini? Alimwangalia mkewe usoni, akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa mwanamke yule mwenye amri: alikuwa anaogopa.

"Tamu," alisema.

"Kweli?"

"Tamu kweli."

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza. Kesho yake aliamka saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu mwili wa mwoka mikate hauna habari ya kustaafu, akafungua friji kutafuta maji ya kunywa. Chupa ilikuwa mlangoni, inamwangalia. Mtu aliyeshinda miaka yote na mikono ndani ya unga hawezi kupita karibu na kitu kisicho na ladha akaendelea na safari yake, kama ambavyo mkewe asingeweza kumpita mgonjwa aliyeanguka sakafuni. Mkono ulikwenda wenyewe. Ulitia chumvi, kisha ukatia sukari ili kulituliza lile limau. Akaonja kwa ncha ya kidole, akaongeza. Tatizo ni kwamba mkono uliozoea gunia la kilo hamsini haujui maana ya "kidogo". Alitikisa chupa kama ilivyoagizwa, akapangusa mdomo wa chupa, akairudisha mahali pake. Moyoni hakuona kwamba ameiba. Aliona ametibu.

Mchana alikula sahani mbili. Matroni mwenyewe alionja, akaonja tena.

"Unaona?" alisema. "Ikilala usiku mmoja inakolea."

Akachukua kalamu na kuongeza kwenye maelezo yake: *Ilale usiku mmoja.* Kwa mtu wa sayansi, alichokiona kwa macho na ulimi wake kilitosha.

Mambo yangeishia hapo kama si shemeji. Dada yake Matroni, mtu wa sukari wa siku nyingi, waliyemwita Dada Mkubwa, alifika Jumapili iliyofuata kula chakula cha mchana. Huyu alikuwa na ulimi ambao haukuwa umemsifu mtu tangu wazazi wao wafariki. Alitia uma kwenye majani, akatafuna, akaacha kutafuna. Akamgeukia Mzee Mkate, kama ilivyokuwa desturi ya kila mtu aliyekula vizuri katika nyumba ile.

"Shemeji, hii umetengenezaje?"

"Ni mimi," alisema Matroni.

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe huyu huyu?"

Dada Mkubwa aliweka uma chini, akazunguka meza, akamkumbatia mdogo wake kama anampa hongera ya kujifungua. Matroni alisema anakwenda kuchukua maji, akapitiliza hadi chumbani. Mzee Mkate alipomfuata alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kilemba amekishika usoni, mabega yanatikisika.

"Sijui hata nalia nini," alisema. "Mtu mzima na akili zangu. Sosi ya majani tu."

Hapo ndipo Mzee Mkate alipotakiwa kusema. Alimpenda mwanamke yule, alimpenda mno, na alijiona ni mwizi aliyeingia ndani ya furaha ya mtu na viatu vyake vichafu. "Nyamaza basi, mke wangu," ndilo neno pekee lililotoka. Akakaa kando yake, akamshika mkono.

Tangu siku hiyo utamu ukawa kazi. Matroni alianza kugawa chupa. Moja kwa Dada Mkubwa, moja kwa Mama Pacha wa nyumba ya jirani, moja kwa mwalimu mstaafu wa hesabu aliyekaa nao benchi moja zahanati. Zote zilipaswa kulala usiku mmoja ndani ya friji, na zote, ifikapo alfajiri, zilipata huduma. Wiki moja dhamira ilimsuta Mzee Mkate, akapunguza mkono. Mama Pacha akamwambia Matroni, kwa upole kabisa, "Safari hii umekosea kidogo, dada." Matroni alinuna siku mbili, akakaa uani akiangalia kamba ya nguo isiyo na nguo. Siku ya tatu mkono ulirudi palepale.

Na kila Jumapili jioni, baada ya kukunja nguo, Matroni alimfunga mumewe mkanda wa kupimia presha.

"Mia na sabini na mbili!" alisema, akiitazama mashine kama vile ndiyo iliyokunywa chumvi. "Sosi yangu ni dawa tupu, mzee. Umekula nini huko nje?"

Mzee Mkate alifikiri haraka. "Chipsi."

Mwaka mzima alikuwa hajala hata kijiti kimoja cha chipsi. Alihukumiwa kuuzunguka uwanja wa mpira mara nne kila asubuhi, akatumikia adhabu yake bila kukata rufaa. Jumapili iliyofuata presha ilikuwa imepanda tena kidogo, akakiri chipsi sahani mbili na soseji. Mizunguko ikawa sita. Dada Mkubwa naye alikuwa na kesi yake. Sukari yake ilikuwa imepanda ghafla, na mdogo wake alimwambia usoni kwamba anakula keki kwa siri. Dada Mkubwa aliapa kwa watoto wake wote, akiwataja mmoja mmoja. Matroni alitikisa kichwa kwa huruma. Alikuwa ameshasikia wagonjwa wengi wakiapa huku makombo yako kifuani.

Mzee Mkate aliyasikia hayo yote akiwa jikoni anakata matango. Hakuweza kumtazama shemeji yake.

Bwana Lishe ndiye aliyekitia kitumbua mchanga, na alikuwa na nia njema. Alikuwa amesikia habari za sosi hiyo, akamwomba Matroni awape wenzake maelezo. Matroni alinakili kwa mkono karatasi ishirini na mbili, kila moja na mililita zake, kila moja na mstari chini ya maneno *Ilale usiku mmoja*. Akazigawa kwenye mabenchi kama anagawa dawa.

Wiki mbili baadaye Mwalimu wa Hesabu alibisha hodi mlangoni kwao. Alikuwa amebeba chupa tatu ndani ya mfuko, zimeandikwa namba.

"Matroni, mimi nimeitengeneza mara tatu," alisema kabla hajakaa. "Namba moja imelala usiku mmoja. Namba mbili, mawili. Namba tatu, matatu. Zote zinakwaruza koo. Sasa hesabu haidanganyi. Kama vipimo ni vilevile na jibu si lilelile, basi kuna namba imeachwa nje."

"Namba gani?"

"Mimi nitaijuaje? Umeificha wewe."

Kumbe hakuwa peke yake. Mtaani maneno yalikuwa yameshaiva. Mama Pacha alimwambia muuza duka, muuza duka akawaambia wateja, kwamba wapishi wote ndivyo walivyo, hukupa vyote wakabakiza kimoja. "Siri ya mtungi aijuaye kata," alisema Mama Pacha, na wenzake wakacheka.

Kwa mwanamke mwingine utani huo ungekuwa sifa juu ya sifa. Kwa Matroni ulikuwa kibao. Huyu ni mtu ambaye katika miaka yake yote ya wodini hakuwahi kumwambia mgonjwa "haitauma" wakati itauma. Alikuwa akisema "itauma, kaza meno," na watu wakamwamini hata walipokuwa wanakufa. Kuambiwa kwamba amewaficha kitu wagonjwa kulimuuma kuliko kitu chochote alichowahi kuambiwa. Jumamosi iliyofuata alisimama mbele ya mabenchi.

"Ijumaa nitaitengeneza hapa hapa," alisema, "mbele yenu, kwa mikono yangu. Chupa italala hapa, na Jumamosi mtaonja. Mkigundua kuna nilichoficha, msiniite tena Matroni."

Ijumaa ilipofika watu walijaa. Matroni alipima, akagonga bomba, akatikisa. Mzee Mkate alikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mfukoni, chumvi upande huu, sukari upande ule, na alipoona chupa inafungwa alisogea mbele akajitolea kuitikisa kidogo.

"Rudi nyuma," alisema Mwalimu wa Hesabu. "Mume wa mtuhumiwa hagusi ushahidi."

Mwalimu aliuzungushia mfuniko gundi ya karatasi, akatia saini juu yake. Bwana Lishe akaifungia chupa ndani ya friji ya ofisi na kuweka ufunguo mfukoni. Kikaratasi cha Mzee Mkate kilirudi nyumbani kama kilivyokuja, ila kimelowa jasho.

Jioni ile alimkuta mkewe anapiga pasi gauni lake jeupe la kazi, lile alilolivaa siku ya kuagwa kazini. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Mzee Mkate alisimama mlangoni. Alikuwa na jioni moja tu, na mambo yenyewe yalikuwa wazi. Akisema, anamnyang'anya mkewe sifa pekee aliyowahi kuipata. Akinyamaza, kesho watu watamnyang'anya jina.

"Mama," alianza. "Ile sosi..."

"Usiogope, mzee." Alikuwa hata hajainua kichwa. Pasi ilipita juu ya kola, ikarudi. "Najua unaogopa kwa ajili yangu. Lakini msema kweli ataogopa nini?"

Mzee Mkate alijibu kwamba ni kweli, ataogopa nini. Akaenda kukaa uani.

Jumamosi gundi ilikatwa mbele ya watu wote. Mwalimu alikagua saini yake, akatangaza kwamba ni yenyewe. Kila mtu alipewa kipande cha tango kilichochovywa. Ukumbi ulitafuna. Kwanza macho yalikunjamana, kisha midomo, kisha mtu mmoja nyuma akaanza kukohoa na kupigwapigwa mgongoni. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mwishowe walimgeukia Dada Mkubwa, kwa kuwa yeye ni damu yake na hasira yake ingesameheka.

"Siyo hii, mdogo wangu," alisema Dada Mkubwa taratibu.

"Jana mlikuwepo wote," alisema Matroni. "Mmeona kila tone."

"Tumeona," alisema Mwalimu. "Basi kuna kitu kinatokea nyumbani kwako ambacho hapa hakijatokea."

Macho yote yalikuwa kwa Matroni. Mumewe alikuwa amekaa benchi la mbele, magoti pamoja, na hakuna aliyemfikiria hata kidogo. Matroni alichukua kipande cha tango, akachovya, akatafuna. Uso wake ulibadilika. Akachovya tena.

"Ni kweli," alisema. "Siyo hii."

Kisha akafanya jambo ambalo Mzee Mkate hakuweza kulivumilia. Aliinua mikono yake miwili, ile mikono iliyojua mishipa ya watu kuliko wenyewe, akaiangalia mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta ni wapi imekosea. Mume wake alisimama.

"Ni mimi," alisema.

Vichwa vyote vilimgeukia.

"Kila alfajiri. Akiwa amelala. Natia chumvi na sukari. Yeye hajui lolote. Chipsi zenyewe sijala." Hakujua kwa nini aliongeza hilo la chipsi, lakini lilikuwa limemkaa kooni muda mrefu.

Alikaza mwili, akisubiri kuzomewa. Wa kwanza kusimama alikuwa Dada Mkubwa.

"Nilisema sili keki!" alipiga kelele, kidole juu. "Nilisema au sikusema? Nimeapa mpaka kwa kitinda mimba wangu! Shemeji, ulitaka kuniua?"

"Nisamehe, shemeji."

"Sikusamehe!" Akakaa. Akafikiri kidogo, akasimama tena. "Kiasi gani?"

"Nini?"

"Sukari. Kiasi gani kwa chupa?"

Mama Pacha alikuwa ameshageuza karatasi ya Matroni upande wa nyuma. "Na chumvi je? Inatangulia au inafuata?"

Mwalimu wa Hesabu alichomoa kalamu mfukoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata ile namba iliyomkosesha usingizi. Mabenchi yote yalianza kuazimana vitu vya kuandikia. Bwana Lishe alipita katikati akipunga mikono, anawasihi, "Jamani, hii ni zahanati! Jamani, presha!" na watu walimwomba asogee kidogo kwani anawaziba.

Mzee Mkate alikuwa anamtazama mkewe aliyesimama kando ya ubao ndani ya gauni lake jeupe. Alitamani amkemee. Alitamani akohoe tu, ile mara moja yake, na ukumbi wote unyamaze.

Matroni aliokota chaki.

"Sema," alimwambia. "Niliahidi hakuna kitakachofichwa. Sema, niandike."

"Mama, twende nyumbani."

"Chumvi?"

"Vijiko viwili vya chai."

"Vya kufuta au vya kujaa?"

"Vya kujaa."

"Sukari?"

"Vinne. Vya chakula."

Aliviandika chini ya mililita zake, kwa mwandiko safi, akapiga mstari. Akasoma yote kwa sauti tangu juu hadi chini, ili walio nyuma wapate. Akaweka chaki. "Sasa hakuna kilichofichwa," alisema.

Wakapiga makofi. Walimpigia Mzee Mkate. Mtu alimpiga begani akisema mkono huo haujazeeka, mwingine akasema alijua tu, tangu lini Matroni akapika, na watu wakacheka kwa furaha. Katika maisha yake Mzee Mkate alikuwa amepokea sifa nyingi, na hakuna iliyowahi kumtia aibu namna ile. Jina la mkewe lilikuwa salama kabisa. Hakuna ambaye angemwita mchoyo wala mwongo tena. Ila pia hakuna aliyekuwa anamtazama, isipokuwa mumewe.

Walirudi nyumbani. Matroni alikuwa amebeba ile chupa, karibu imejaa. Hakubadilisha gauni. Aliosha majani ya saladi, akakata nyanya na tango, vipande vikubwa kidogo, akamimina sosi juu yake bila kupima, akaiweka sahani mbele ya mumewe.

"Kula."

Alikula. Jicho la kushoto lilitoa chozi kama kawaida, na safari hii la kulia nalo likafuata.

"Ikoje?"

Neno "tamu" lilikuwa tayari limefika kwenye meno, lilizoea kutoka lenyewe bila kutumwa. Mzee Mkate alilimeza.

"Mbaya," alisema.

"Mbaya vipi?"

"Mbaya tu, mama."

"Mgonjwa akiniambia anaumwa tu, namuuliza wapi. Mbaya wapi?"

Mzee Mkate alivuta pumzi. "Limau limezidi. Mafuta yameshindwa kulibeba. Siki iondoe yote, haina kazi hapo. Kitunguu saumu punje nne ni nyingi, tena kibichi. Kichome kwanza kwenye maganda yake, kitakuwa kitamu chenyewe, hata sukari hutaitaka. Haradali loweka kabla hujasaga. Badala ya limau lote, weka nusu limau, nusu chungwa bivu."

Matroni alikuwa amegeuza ile karatasi yake, anaandika nyuma. Aliandika mpaka mumewe akaishiwa. Akasoma kimya, midomo ikichezacheza.

"Kumbe haya yote ulikuwa unayajua."

"Nayajua."

"Tangu siku ya kwanza."

"Tangu tone la kwanza."

"Ungeniambia siku ile, kesho yake ningekuwa nimerekebisha."

"Niliogopa kukuvunja moyo."

"Mzee," alisema Matroni, "mimi nimeshika watu miguu wakati inakatwa. Ulidhani limau ndilo litaniua?"

Mzee Mkate alichezea uma. Matroni alikuwa anamtazama, na wazo jingine lilikuwa linampita usoni, polepole, kutoka mbali.

"Na ule mwiko je?" aliuliza. "Zamani, tulipooana. Nikiingia tu jikoni unanipokea mwiko. 'Pumzika, mke wangu, umetoka zamu.' Nilikuwa nawasimulia wenzangu wodini. Walikuwa wananionea wivu."

"Ulikuwa umechoka kweli."

"Mzee."

"Ulikuwa umechoka," alisema Mzee Mkate. "Na chakula kilikuwa kibaya."

Nje mtu alipita anasukuma toroli, magurudumu yakilia. Matroni alisubiri lipite.

"Miaka thelathini na minne," alisema, "nilijua sina mkono wa kupika. Kumbe sikuwa na mtu wa kuniambia."

Mzee Mkate alinyoosha mkono kumshika. Mkewe hakuukataa, wala hakuushika. Aliusogeza pembeni kidogo, kwa sababu ulikuwa umekaa juu ya mahali alipotaka kuandikia. Akavuta kiti, akakaa mbele yake kama alivyokuwa akikaa mbele ya mgonjwa aliyechelewa kuja hospitali, akatoa karatasi nyingine safi.

"Haya," alisema. "Tuanze na mwaka wa kwanza."